Kuupanga Ua Mdogo wa Nyumba

Leo twataka kusema nanyi habari za mahali ambapo watu wa nyumbani hushinda kutwa, wala hapatajwi hata kidogo mgeni aulizapo nyumba ina vyumba vingapi. Mahali hapo ni uani.

Itazameni desturi yetu. Mtu wa Isansa auzapo kahawa yake na kupata fedha za kujenga, kwanza huifikiri sebule. Hununua viti, huvitandika vitambaa vilivyofumwa, kisha mlango hufungwa asije mtoto akavichafua. Je, nani akaaye humo? Mgeni, tena kwa saa moja. Mama hupika nje, hufua nje, huchambua maharage nje; bibi huota jua nje; watoto husoma nje maadamu mwanga ungalipo. Hata hivyo ua haukupimwa na mtu: ni nafasi iliyobaki tu baada ya nyumba kusimama. Na nafasi hiyo yazidi kupungua, kwa maana shamba la babu limegawiwa wana, na la wana limegawiwa wajukuu.

Watu wa pwani walilifahamu jambo hili zamani. Katika mji wa Lamu nyumba za mawe zilijengwa zikiuzunguka uwanja wa ndani usio na paa, ili mwanga na hewa viingie vyumbani. Katika Zanzibar na Dar es Salaam, nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele kwa ajili ya wageni na wapita njia, na nyuma ina ua uliozungushiwa ukuta, ambamo mna jiko na choo na shughuli zote za nyumbani. Mfano huo ni mwema, lakini haufai kuigwa wote. Pwani mtu huutafuta upepo. Sisi wa Mbozi, ukifika mwezi wa Julai, huukimbia.

Nasi hatusemi kama watu wasiopata kukosa. Tulipojenga, bafu tuliliweka upande wa juu wa mteremko, kwa kuwa palikuwa karibu na mlango. Mvua za Novemba zilipoanza, maji ya bafuni yakaungana na maji ya bati, yakapita katikati ya ua. Mzee wetu mmoja alitoka alfajiri kuwasha moto, akateleza, akavunjika mkono. Tangu siku ile ndipo tulipochukua fimbo na kamba tukaanza kuupima ua, ilhali ilikuwa yatupasa kuupima kabla ya kuchimba msingi.

Fimbo hiyo na iwe ya mita 2, isimikwe wima katikati ya ua. Kabla kidogo ya saa saba mchana, wakati jua lifikapo kileleni katika wilaya yetu, tazameni kivuli chake. Katika siku za mwisho za Juni kitaanguka upande wa kusini, kama mita 1 na robo, kwa kuwa jua liko kaskazini yetu. Katika siku za mwisho za Desemba kitaanguka kaskazini, nusu mita tu. Katikati ya Oktoba jua hupita utosini, na kivuli cha mchana hakionekani. Sasa fikirini: Juni na Julai kuna baridi, nasi twalitaka jua, Oktoba na Novemba, kabla ya mvua kushika, kuna joto, nasi twataka kivuli. Katika miezi hiyo ya joto jua la jioni hushuka kusini kidogo ya magharibi. Katika miezi ya baridi hushuka kaskazini ya magharibi. Basi atakayeweka kizuizi upande wa kusini-magharibi, na kuuacha wazi upande wa kaskazini-magharibi, atapata kivuli jioni za Oktoba na jua jioni za Juni, bila kuhamisha kigoda.

Kizuizi hicho kisiwe ukuta mtupu. Na kiwe jiko. Tuseme nyumba yaelekea barabara upande wa mashariki, na ua wa nyuma una mita 10 kwa 8. Upepo wa kiangazi kwetu huvuma kutoka kusini-mashariki. Jiko likikaa pembe ya kusini-magharibi, moshi utachukuliwa kuelekea nje ya kiwanja, wala hautarudi kwa walioketi karibu na ukuta wa nyumba. Choo na bafu na viwe pembe ya kaskazini-magharibi, mradi upande huo ndio wa chini ya mteremko. Na shimo la choo lisipungue mita 30 kutoka kisima, cha kwako au cha jirani. Ikiwa mteremko wenu wakataa, ufuateni mteremko, maana upepo hubadilika lakini maji hayapandi mlima.

Juu ya mafiga tulitaka kuwa mafundi kupita kiasi. Tuliona watoto wengi wameungua kwa vyungu vilivyo chini, tukajenga jiko lenye kimo cha kiuno. Wenye kusonga ugali walitucheka. Sufuria ya ugali yataka kushikwa imara, na mkono wa msongaji utoke juu. Aliyesimama mbele ya jiko refu hawezi. Tukalibomoa, tukayarudisha mafiga chini, tukayazungushia ukuta wa matofali wenye kimo cha goti, ukiwa na mlango mmoja upande wa mpishi. Mtoto atambaaye haupiti.

Maji ya bati ni mali. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1. Upande mmoja wa paa, wenye mita 8 kwa 4, ukipata mvua ya milimita 25, huleta lita 800, yaani mapipa manne, ukiacha kidogo kinachopotea. Tieni mfereji wa bati, na yanayozidi yachimbieni njia ya kuyapeleka kwenye migomba. Ardhi ya ua na iinamishwe ikiukimbia ukuta, sentimita 2 kwa kila mita. Pigeni kwanza kifusi cha matofali, kisha changarawe, ndipo udongo wa kichuguu ulioshindiliwa vizuri.

Mahali pa kuketi ni chini ya upenu, ukutani, karibu na mlango wa nyuma. Ongezeni paa kwa mita 1 na nusu, mjenge kibaraza cha matofali chenye kimo cha sentimita 45. Kimo hicho si cha urembo: mzee aketiye chini mno hainuki ila kwa kushikwa mkono, na wengi wao huona haya kuita.

Katikati ya ua, panapopata jua zaidi, wekeni kichanja cha matete au wavu, chenye kimo cha mita 1. Vyombo vitakauka hapo, na kahawa pia, nayo mahindi. Tafadhali msianike mahindi juu ya udongo. Nafaka isiyokauka sawasawa huota ukungu utoao sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa; mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuhusu miti tutasema machache. Mparachichi ni mti mwema, lakini katika ua wa mita 10 utakula nafasi yote. Upandeni mpakani, mbali na msingi, tena kwa shauri la jirani, kwani nusu ya kivuli na nusu ya matunda itakuwa yake. Karibu na kibaraza pasheni yatosha, itambae juu ya miti minne iliyofungwa fito. Pandeni mwezi wa Desemba, mvua zikisha kushika. Hadi itakapofunika, tandazeni gunia kuukuu juu ya fito hizo. Bibi hatauliza kama ni mti.