Jicho Kavu Litoalo Machozi

Mzee mmoja wa baraza yetu aliacha kusoma juzuu yake ya alfajiri. Akifika ukurasa wa pili, macho humchoma kana kwamba yameingia mchanga, kisha machozi humtiririka. Tulidhani nuru yake yaondoka, naye akaanza kuuandaa moyo wake kwa upofu. Jirani alimletea chupa ya dawa ya matone iliyobakia nyumbani kwake. Tulimzuia asiitie, tukamsindikiza kwa daktari wa macho. Jibu lilitushangaza: macho yake yalikuwa makavu.

Vipi jicho kavu litoe machozi? Machozi si maji matupu. Ni utando mwembamba wenye ute, maji, na juu yake mafuta yatokayo katika tezi ndogo za kingo za kope. Mafuta hayo ndiyo yazuiayo maji yasikauke. Tezi zikiziba, maji hukauka upesi, jicho huwasha, nalo hujitetea kwa kumwaga machozi mengi yasiyokaa.

Maradhi haya huja na umri, na huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Huchochewa pia na kisukari, baadhi ya dawa za mzio, moshi wa kuni, feni na upepo mkavu wa kaskazi. Isitoshe, tusomapo kitabu au tutazamapo simu, twasahau kupepesa macho.

Ndugu zetu, nafuu i karibu. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto kiasi, yasiyounguza, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kisha ukande kingo za kope taratibu. Feni isielekezwe usoni. Kila dakika 20 za kusoma, tazama mbali kwa sekunde 20 huku ukipepesa. Machozi ya kutengenezwa hupatikana katika maduka ya dawa. Ayahitajiye zaidi ya mara 4 kwa siku aulizie yasiyotiwa kemikali ya kuhifadhi.

Ama dawa ya mwenzio, usiitie. Baadhi zina steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Na ukipatwa na maumivu makali, kuona kukififia ghafla, au ukishindwa kustahimili mwanga, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wetu amerejea katika juzuu yake. Husoma kurasa mbili, hufumba macho kidogo, kisha huendelea.