Mwenzi wa Mgonjwa wa Saratani

Mgonjwa atokaye Salale, katikati ya mikoko ya Delta ya Rufiji, hupanda chombo kwanza mpaka Nyamisati, ndipo ashike njia ya nchi kavu kwenda Dar es Salaam. Huko iko hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani na kumalizika mwaka 1897. Tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani. Kujaa na kupwa kwa maji amekuzoea, lakini mashine ya mionzi hajaiona kamwe.

Hapo twataka kumsifu yule akaaye naye. Si daktari, wala hatoi dawa. Humweleza ya kuwa mionzi haisikiki mwilini ipigwapo, ya kuwa ataitwa siku baada ya siku kwa majuma kadhaa, na ya kuwa maumivu kupungua si kupona. Hapa ndipo wengine hushindwa: nauli imekwisha, mpunga wangoja kuvunwa, nao watoto wako peke yao. Aachaye katikati huuachia ugonjwa nafasi ya kurudi. Kwa hiyo msaidizi mwema huuliza habari za nyumbani kabla ya habari za uvimbe. Tena huwaambia jamaa walioko Kibiti ya kuwa saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja. Neno hili, twaona, lafaa kusemwa katika kila nyumba.

Na asiyetazamiwa kupona? Huyo hadanganywi. Huombewa kwa daktari mofini ya kunywa, maumivu yatulie, apate kuzungumza na wanawe.