Bei Iandikwe Hadharani

Instagram ilipoanza mwaka 2010, wenye maduka wengi waliiona kuwa mchezo wa vijana. Walikuwa na hoja: picha kupendwa na watu mia hakulipi kodi ya fremu. Leo muuzaji wa viatu Kariakoo hupiga picha kabla mzigo haujapangwa, akaandika saizi zilizopo na maneno "tunatuma mikoani". Jioni boksi linapakiwa kwenye basi la Mbeya, kwa mteja ambaye hajawahi kumwona. Mteja huyo alipata wapi imani ya kutuma pesa?

Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza tatizo lenyewe kwa mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuogopa kupigwa, mnunuzi anataja bei ya chini. Mwenye gari zima anaona hailipi, analiondoa, na sokoni yanabaki mabovu. Kazi hiyo ilichangia kumpa Akerlof Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Dawa ya soko la namna hiyo ni taarifa ambazo mnunuzi anaziamini, na maneno ya wateja waliotangulia ni mojawapo.

Michael Luca, akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alilinganisha nyota ambazo wateja waliipa migahawa ya Seattle kwenye mtandao wa Yelp na mapato ya migahawa hiyo. Nyota moja zaidi iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Ongezeko hilo lilionekana kwenye migahawa ya watu binafsi. Ile ya makampuni yenye matawi mengi haikunufaika, kwani jina lake lilishajulikana. Asiye na jina ndiye anayeuhitaji mtandao zaidi.

Sababu ya pili ya mtandao kumfaa asiye na jina inatokana na utafiti wa mwanasosholojia Mark Granovetter wa mwaka 1973. Kati ya watu aliowahoji, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban asilimia 17 tu ndio waliokuwa wakionana mara kwa mara na aliyewapa habari. Rafiki wa karibu aghalabu anajua yale unayoyajua. Habari mpya huletwa na mtu wa mbali. Mteja akituma picha ya kiatu kwenye grupu la WhatsApp la waliosoma pamoja, inawafikia watu wa Songea na Bukoba ambao muuzaji asingewapata kwa kusimama mlangoni.

Hata hivyo, kufungua akaunti pekee hakutoshi. Anayeandika "bei njoo inboksi" na kufuta malalamiko anarudisha giza lilelile la soko la Akerlof, na mnunuzi atamshuku kama anavyowashuku matapeli. Aweke bei waziwazi, aonyeshe mkwaruzo kama upo, na lalamiko alijibu palepale lilipoandikwa, ili mteja ajaye asome jinsi lilivyomalizwa kabla hajatuma pesa yake.