UZI: Ni uhusiano unaoharibu mapafu, ama ni moshi?

1/ Kuna hoja hurudi kila mara wapenzi wa jinsia moja wakitajwa kwenye mjadala: "Hata utafiti unaonyesha wanaugua zaidi, hiyo pekee si inatosha?" Hebu tuipime kwa kitu kimoja tu, mapafu. Natumia Marekani kwa sababu huko wamehesabu.

2/ Kwanza ukweli. Tafiti za kitaifa za Marekani zimekuta pumu zaidi kwa watu wazima wanaoishi na mpenzi wa jinsia moja. Tofauti ipo, tusiikane. Swali ni inatoka wapi.

3/ Anza na sigara. Mwaka 2018, miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja au zote mbili, karibu mtu 1 kati ya 5 alivuta. Kwa wengine ilikuwa karibu 1 kati ya 7.

4/ Na kuna waliofaidika. Miaka ya 1990, kampuni ya R.J. Reynolds ilipanga kuuza sigara San Francisco ikilenga mashoga wa Castro na watu wasio na makao wa Tenderloin. Jina la mpango kwenye nyaraka zao? Project SCUM. Scum ni takataka. Ndivyo walivyowaita wateja wao!

5/ Kisha bima. Marekani wengi hupata bima kupitia kazi ya mume au mke. Kabla ya Juni 2015, majimbo kadhaa hayakutambua ndoa hizi, kwa hivyo mwenzako angeweza kuachwa nje. Mwenye pumu bila bima anajinunulia dawa ya kuvuta mwenyewe, ama anakaa bila.

6/ Sasa rudi nyumbani. Mama anayepikia kuni jikoni bila dirisha huumwa kifua kuliko anayepikia gesi. Kuna mtu husema ati umama ndio unaleta kikohozi? Tunalaumu moshi. Basi tutumie akili hiyo hiyo hapa.

7/ Kwetu, Mahakama Kuu ilikataa kufuta kifungu cha 162 Mei 2019. Nani atamwambia daktari anaishi na nani, wakati jibu linaweza kumletea kesi? Akinyamaza, hahesabiwi. Asipohesabiwa, hakuna bajeti inayomkumbuka, hata kama anakohoa kila usiku.

8/ Unaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu mahusiano haya. Lakini mwanasiasa akikutupia takwimu, muulize: ni za nchi gani, na sigara na bima ziliangaliwa? Akikosa jibu, hiyo si hoja ya afya.