Mbaazi Zetu Zilitoka India, Mbegu za Wazee Zisipotee

Bagamoyo, maandazi kwa mbaazi za nazi ni chakula cha asubuhi cha miaka nenda rudi. Mkulima wa ukanda wa Makurunge naye huupanda mmea huu katikati ya mahindi au mihogo, wala haoni kwamba ni mgeni.

Zamani baadhi ya wataalamu walidhani asili ya mbaazi ni Afrika, kwa kuwa mbegu yake iliripotiwa kupatikana katika kaburi la kale nchini Misri. Vinasaba vimeonyesha vingine. Mbaazi mwitu iliyo karibu zaidi nayo kwa undugu, *Cajanus cajanifolius*, huota India, na huko ndiko zilikoanza kulimwa kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na taasisi ya utafiti wa mazao, ICRISAT, ya Hyderabad, India, walitangaza ramani ya vinasaba vyake, yenye jeni zaidi ya 48,000.

Tafiti zilizolinganisha mbaazi za India na za Afrika Mashariki zimekuta kwamba zetu hazitofautiani sana kijeni zenyewe kwa zenyewe. Hapo ndipo penye hatari: mimea inayofanana mno huweza kuangamizwa pamoja na ugonjwa mmoja, kama mnyauko unaoletwa na kuvu wa udongoni. Aina iitwayo Mali ilisambazwa nchini kwa sababu inauhimili.

Hata hivyo, si kila mbegu bora inafaa kila mahali. Mbaazi za muda mrefu zilizozoea baridi ya nyanda za juu huchelewa kutoa maua zikipandwa kwenye joto la Pwani. Mbegu za wenyeji zimechujwa na joto hilo kwa vizazi vingi.

Kwa afya, gramu 100 za mbaazi kavu zina protini gramu 22 hivi, pamoja na madini ya chuma na foleti inayohitajika sana kwa mjamzito. Pia zina laisini, kirutubisho kilicho haba kwenye mahindi na mchele. Ndiyo maana ugali au wali kwa mbaazi ni mlo uliokamilika zaidi.

Mkulima, ukiletewa mbegu mpya, usiitupe ya zamani. Zipande mbegu hizo mbili zikiwa mbali, kwani nyuki huchanganya chavua zake, na mwombe afisa ugani akusaidie kupeleka sampuli kwenye benki ya taifa ya mbegu, Arusha.