Siku 14 za Kukata Rufaa Baada ya Kifungo cha Dawa za Kulevya

Mkazi aliyefungwa kwa kesi ya bangi au dawa nyingine za kulevya ana haki ya kukata rufaa chini ya Kifungu cha 50 cha Katiba. Jambo la kwanza kuzingatia ni muda: rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu adhabu itolewe. Aliyechelewa huomba ruhusa ya mahakama na kueleza sababu.

Kesi iliyoamuliwa na hakimu wa Voi huenda Mahakama Kuu ya Voi. Mfungwa asiye na wakili anaweza kumkabidhi msimamizi wa gereza rufaa yake, naye huipeleka mahakamani.

Aliyekubali shtaka kwa kawaida hawezi kupinga hatia. Hupinga adhabu pekee, kwa mfano ikiwa siku alizokaa rumande hazikuzingatiwa. Kwa hivyo mshtakiwa aelewe shtaka vyema kabla ya kulikubali. Aliyekana anaweza kupinga hatia na adhabu pia.

Kukata rufaa pekee hakumtoi mtu gerezani. Anaweza kuomba dhamana akisubiri, lakini uamuzi ni wa jaji. Jaji anaweza kupunguza kifungo, kukifuta au hata kukiongeza. Asiyeridhika huenda Mahakama ya Rufaa, ambako husikizwa hoja za kisheria pekee.

Familia isiyomudu wakili inaweza kuomba usaidizi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Isisubiri siku ya 13.