Mtu Mmoja, Ngalawa Moja

Mama mmoja wa kisomo chetu hapa Mikumi aliniuliza hivi: "Mwalimu, mwanangu anavua Bagamoyo. Nasikia sasa anatweka tanga peke yake. Mtu mmoja ataweza kweli?"

Swali hili ni zuri. Sisi wa Kilosa tunaujua mto Mkondoa. Maji yake huingia Wami, na Wami humwaga baharini kaskazini ya Bagamoyo. Lakini bahari yenyewe wengi wetu hatuijui. Basi tujifunze.

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Kila upande ina ubao unaoelea, ili isipinduke upesi. Ina mlingoti na tanga la pembe tatu. Mkono mmoja wa nahodha hushika usukani, wa pili hushika kamba ya tanga. Upepo ukizidi, huilegeza kamba na tanga humwaga upepo. Kwa hiyo ndiyo, mtu mmoja anaweza.

Lakini kila kazi ina majira yake. Mkulima hapandi mahindi Julai akingoja mvua. Baharia naye hutazama upepo. Kaskazi huvuma Desemba mpaka Machi hivi. Kusi huvuma Mei mpaka Septemba hivi, nao una nguvu zaidi. Kila siku pia ina upepo wake. Alfajiri umande hutoka nchi kavu, humpeleka mvuvi baharini. Mchana upepo wa baharini humrudisha.

Matata yako wapi? Ni pale anapotaka kwenda kule unakotoka upepo. Chombo hakiwezi kwenda moja kwa moja. Huenda mshazari, kulia kisha kushoto. Huko ndiko kupiga bisho. Kila akigeuka, tanga lazima lihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Nani atashika usukani? Nani atakumba maji? Na nahodha akianguka, ngalawa huenda zake.

Sasa mama, umejua kuandika. Mwandikie mwanao barua kwa mkono wako. Mwambie asiende mbali, awe anaiona nchi. Ajifunge kamba kiunoni. Achukue kasia, kopo la kukumbia na maji ya kunywa. Kabla ya kutoka amwambie mtu anakwenda wapi na atarudi saa ngapi. Asiporudi, watajua pa kumtafuta. Na bahari ikichafuka, akae. Samaki watakuwepo kesho.